Uteuzi Uwe na Mizani Moja

Tarehe 2 Januari 2026, katika mji wa Sydney, mchezaji Usman Khawaja wa timu ya taifa ya kriketi ya Australia alitangaza kwamba mechi iliyokuwa ianze siku mbili baadaye ingekuwa ya mwisho kwake. Ilikuwa mechi yake ya 88 ya testi, yaani zile mechi za siku tano ambazo katika mchezo huo ndizo zenye heshima kuliko zote. Aliyazungumza hayo akiwa na jamaa zake, katika kiwanja cha mji aliokulia, baada ya kuitumikia timu hiyo kwa vipindi mbalimbali tangu mwaka 2011.

Mwenye kuisoma habari hiyo kijuujuu angeweza kuipita, akasema kwamba mtu wa miaka 39 amestaafu na dunia inaendelea. Sisi tumeona inafaa tuisimamie kidogo. Ndani yake mna swali ambalo kila mwenye dhamana ya kuchagua watu hulikuta mbele yake, awe anachagua timu ya mpira, wanafunzi wa masomo ya juu au watumishi wa idara: je, mtu apimwe kwa yale aliyoyafanya miaka iliyopita, au kwa yale anayoyafanya leo, au kwa yale tunayoyatazamia kesho? Na kipimo chochote kitakachochukuliwa, je, wapimwa wote huwekwa katika mizani ile ile?

Kriketi ni mchezo ambao pwani yetu haiuoni kuwa mgeni. Waingereza waliuleta, jamii za Wahindi zikaushika na kuulea. Hata hivyo wengi wetu hatuufuati, kwa hiyo ni vyema tueleze jambo moja. Mchezaji wa mpira wa miguu akikosa goli dakika ya kumi, ana dakika themanini nyingine za kujirekebisha. Mpigaji wa kriketi hana nafasi hiyo. Kosa moja tu humtoa kiwanjani, akaketi kivulini kutwa nzima akiwatazama wenzake. Na wakati mwingine hukosea asitoke, kwa sababu tu adui aliudondosha mpira. Ndiyo maana hesabu ya mikimbio ya siku moja, hata ya mwezi mmoja, inaweza kudanganya. Mwenye bahati huonekana hodari, na hodari aliyekosa bahati huonekana amekwisha.

Huko Australia kazi ya kuamua nani achezee taifa imo mikononi mwa jopo la watu wachache. Tangu mwaka 2021 mwenyekiti wake amekuwa George Bailey, aliyempokea Trevor Hohns. Watu hawa hawaonewi wivu. Wakimwacha mkongwe, wataambiwa hawana shukrani. Wakimbakisha, wataambiwa wanaendesha nyumba ya wazee. Wakimleta kijana akashindwa, wataambiwa wamemvunja moyo kabla hajakomaa.

Hebu tuitazame njia aliyopita Khawaja. Alizaliwa Islamabad, Pakistan, mwaka 1986, akaletwa Australia angali mtoto. Januari 2011 alikuwa Muislamu wa kwanza kuichezea Australia katika mechi za testi, akichukua nafasi ya nahodha Ricky Ponting aliyekuwa ameumia. Tangu hapo aliachwa na kurudishwa mara kadhaa. Mwaka 2019, katika mashindano ya Ashes huko Uingereza, Steve Smith aligongwa na mpira akapata mtikisiko wa ubongo katika kiwanja cha Lord's. Marnus Labuschagne akaingizwa badala yake, akawa mchezaji wa kwanza katika historia ya testi kuingia kwa kanuni mpya ya kumbadili aliyeumia kichwani. Alifunga mikimbio 59 na hakutoka tena katika timu. Smith alipopona, mtu aliyeondolewa ili apate nafasi ni Khawaja.

Alikaa nje zaidi ya miaka miwili. Wengi walikwisha kuifunga daftari yake. Januari 2022 Travis Head akaugua korona, na Khawaja, aliyekuwa na umri wa miaka 35, akaitwa kujaza pengo katika mechi ya Sydney. Akafunga mikimbio 137 katika duru ya kwanza, na 101 bila ya kutolewa katika duru ya pili. Mwezi Machi wa mwaka ule akaenda Pakistan, nchi aliyozaliwa, akafunga 97 mjini Rawalpindi, 160 mjini Karachi, na 91 na 104 mjini Lahore. Baraza la Kimataifa la Kriketi lilimtawaza kuwa mchezaji bora wa testi wa mwaka 2023. Wahenga hawakukosea waliposema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

Tujiulize basi: lau Head hangeugua, je, Khawaja angepata fursa ile? Jawabu linatupasa kuwa na unyenyekevu. Mtu yule yule ambaye jopo lilimwona hafai mwaka 2019 ndiye aliyekuwa nguzo ya timu mwaka 2022, na ugonjwa wa mwenzake ndio uliomfungulia mlango. Bila shaka wako wengine wenye uwezo kama wake ambao mlango wao haukufunguliwa na mtu.

Lakini haki inatutaka tuutazame na upande wa pili. Baada ya kufunga 141 huko Edgbaston mwezi Juni 2023, Khawaja hakuifikia mia tena mpaka Januari 2025, alipofunga 232 mjini Galle, Sri Lanka. Baada ya hapo ukame ukarejea. Novemba 2025, Ashes zilipoanza mjini Perth, mgongo ulimkaza akashindwa kuingia kupiga katika nafasi yake ya mwanzo. Asiyekuwapo na lake halipo. Katika duru ya pili Head alitumwa badala yake, akafunga 123 kwa mipira 83, na mechi ikaisha katika siku ya pili tu. Ni mteuzi gani angeweza kuyafumbia macho hayo?

Khawaja hakucheza Brisbane, na hata Adelaide jina lake halikuwamo kikosini. Kisha asubuhi ya mechi Smith akashikwa na kizunguzungu, na mzee akaitwa tena. Alipokuwa na mikimbio 5 tu Muingereza mmoja aliudondosha mpira ambao ungemtoa. Akaendelea hadi 82, siku moja kabla ya kutimiza miaka 39. Hapa msomaji anaona kwa macho yake tuliyoyasema juu ya bahati: mkono wa adui ungeudaka mpira ule, leo pengine tungekuwa tunasema wateuzi walikuwa na haki ya kumwacha. Na katika mechi hiyo hiyo Head, akiwa katika nafasi iliyokuwa ya Khawaja, alifunga 170. Wote wawili walithibitisha uwezo, na kwa hiyo kila upande wa ubishi ulipata ushahidi wake. Australia iliyachukua mashindano hayo kwa mechi 4 kwa 1.

Tatizo la nafasi ya wapigaji wa mwanzo halikuanza hapo. David Warner alipostaafu testi Januari 2024, kiti kilichokuwa pembeni ya Khawaja kiligeuka kiti cha kinyozi. Kwanza alikaa Smith mwenyewe, ambaye hakuwa amezoea kazi hiyo. Kisha akaja Nathan McSweeney, naye akatupwa mbele ya Jasprit Bumrah wa India, aliyekuwa wakati ule moto wa kuotea mbali. Alipata mikimbio 72 katika duru sita, akaachwa baada ya mechi tatu. Akaitwa Sam Konstas, kijana wa miaka 19. Kule Sri Lanka akatangulizwa Head. Katika fainali ya ubingwa wa dunia mjini London, Juni 2025, ambayo Australia ilishindwa na Afrika Kusini, akatangulizwa Labuschagne. Katika visiwa vya West Indies akarudi Konstas. Ashes zilipofika, akachaguliwa Jake Weatherald. Yote hayo yalitendeka katika muda usiozidi miaka miwili.

Kisa cha kijana Konstas kinastahili kuangaliwa peke yake. Desemba 26, 2024, mbele ya umati mkubwa wa Melbourne, alifunga mikimbio 60 kwa mipira 65, akimpiga Bumrah kwa mitindo ambayo wakubwa wake wasingethubutu. Nchi nzima ikamshangilia, na magazeti yakamvika taji. Miezi saba haikupita, naye akatoka West Indies na mikimbio 50 katika duru sita, na wale wale waliomvika taji wakawa wa kwanza kuuliza nani aliyemleta. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, lakini hapa hatutaki kumlaumu mgema peke yake, kwani mtoto wa miaka 19 hakujichagua mwenyewe. Anayemvua mtoto kutoka kidau kidogo na kumweka kwenye usukani wa jahazi siku ya kusi hana budi awe tayari kusimama naye upepo ukibadilika.

Ipo njia nyingine iliyo bora, na Labuschagne ameionyesha. Baada ya fainali ile ya London aliachwa, na haki ilikuwa hivyo, kwa kuwa mara ya mwisho kuifikia mia katika testi ilikuwa Julai 2023. Alirudi Queensland, akakaza msuli, na msimu mpya ulipofunguka alifunga mia baada ya mia katika mashindano ya majimbo. Ashes zilipoanza alikuwa amerudi katika nafasi yake ya tatu. Hapo uteuzi ulifanya kazi yake inavyopaswa: mtu aliambiwa upungufu wake, akaonyeshwa mahali pa kujirekebisha, akajirekebisha, na mlango ukafunguliwa. Ngao ya Sheffield, ambayo ndiyo mashindano ya majimbo ya nchi ile, ina maana tu ikiwa mwenye kufanya vizuri humo anajua kwamba anatazamwa.

Wala haya si mambo mapya. Mwaka 1928 kijana Donald Bradman alicheza testi yake ya kwanza mjini Brisbane, akapata mikimbio 18 na 1, na Australia ikashindwa kwa mikimbio 675. Mechi iliyofuata aliachwa akawa mchezaji wa akiba. Mechi ya tatu alirudishwa, akafunga 79 na 112. Huyo ndiye aliyemaliza kazi yake akiwa na wastani wa 99.94, ambao hakuna mpigaji wa testi wa siku nyingi aliyeukaribia. Wateuzi waliomwacha hawakuwa wajinga. Walikosea kama binadamu. Sifa yao ni kwamba hawakuona haya kumrudisha upesi.

Mwaka 1997 mambo yalikwenda kinyume. Nahodha Mark Taylor alicheza duru 21 bila ya kufikia mikimbio 50, na kelele za kutaka aondolewe zikasikika kila pembe. Wateuzi walimstahamilia. Huko Edgbaston, Juni 1997, alifunga 129, na ingawa mechi ile Australia ilishindwa, mashindano yote waliyashinda kwa 3 kwa 2. Uvumilivu ulizaa tunda. Lakini tusisahau kuuliza kama mchezaji asiye nahodha, asiye na jina, angepewa duru 21.

Hapa ndipo tunapofikia kiini cha maneno yetu. Mwaka 1999 mlinda wiketi Ian Healy, aliyeitumikia timu zaidi ya miaka kumi, aliomba acheze mechi moja ya kuaga mjini Brisbane, kwao. Hakukubaliwa. Adam Gilchrist akachukua nafasi yake siku ile ile, na katika mechi yake ya pili, mjini Hobart, akafunga 149 bila ya kutolewa na kuipa Australia ushindi dhidi ya Pakistan. Kwa hesabu ya timu, wateuzi walikuwa na haki. Lakini mwaka 2023 Warner, ambaye kwa muda mrefu mikimbio yake ilikuwa imepungua, alitangaza mwenyewe kwamba angependa kumalizia Sydney Januari 2024, na akaachiwa afike. Mchezaji wa zamani Mitchell Johnson aliandika gazetini kulaumu upendeleo huo. Warner alimjibu kwa kufunga 164 mjini Perth. Jawabu lilikuwa zuri, lakini swali lilibaki. Mcheza kwao hutunzwa, wanasema. Kwa nini basi mmoja atunzwe na mwingine anyimwe, ikiwa hakuna kanuni inayojulikana?

Khawaja naye, siku ya kuaga, alisema wazi kwamba alipoumia mgongo mjini Perth alishutumiwa kwa namna ambayo wenzake hawashutumiwi. Walimwita mvivu na asiyejali, kwa kuwa alicheza gofu kabla ya mechi, na alisema kwamba maneno ya namna hiyo yamemfuata tangu ujana wake kwa sababu ya rangi na asili yake. Wako waliokasirishwa na kauli hiyo. Sisi tunaona ni afadhali waipime kabla ya kuikasirikia, kwa sababu historia ya mchezo huo katika nchi ile inampa ushahidi.

Timu ya kwanza ya wanakriketi kutoka Australia kuzuru Uingereza, mwaka 1868, ilikuwa ya wenyeji wa asili wa bara lile. Walicheza mechi 47, wakashinda 14, wakashindwa 14, na 19 zikaenda sare. Baada ya hapo mlango ukafungwa. Mwaka 1931 mjini Brisbane mrushaji Eddie Gilbert, mwenyeji wa asili kutoka Queensland, alimtoa Bradman bila ya mkimbio hata mmoja. Gilbert aliishi chini ya sheria zilizomlazimisha kuomba ruhusa hata ya kusafiri, na ingawa mrusho wake ulizua ubishi wa kanuni, hawezi mtu kusema kwamba alishindana na wenzake juu ya ardhi iliyo sawa. Hakuchaguliwa hata siku moja kuichezea Australia. Faith Thomas, mwaka 1958, alikuwa mwanamke wa kwanza wa asili kuichezea nchi hiyo testi. Kwa upande wa wanaume, Jason Gillespie, wa kwanza kutambuliwa rasmi, alianza mwaka 1996, miaka 119 baada ya testi ya kwanza kuchezwa Melbourne.

Wa pili alikuwa Scott Boland. Alisubiri jimboni mpaka umri wa miaka 32. Desemba 2021, katika mechi yake ya kwanza mjini Melbourne, aliangusha wiketi 6 za Uingereza kwa mikimbio 7 tu, na Waingereza wote wakatoka kwa 68. Hata baada ya hapo mara nyingi aliketi akiba, kwani mbele yake walikuwapo Cummins, Starc na Hazlewood, na hilo tunalielewa. Julai 2025 mjini Kingston alipangwa, na Nathan Lyon, mrushaji mwenye wiketi zaidi ya mia tano, akaachwa kwa kuwa mechi ile ya usiku ilihitaji warushaji wa kasi. Starc akaangusha 6 kwa mikimbio 9, Boland akaangusha watatu kwa mipira mitatu mfululizo, na West Indies wakatoka kwa 27. Lyon alipoachwa tena Brisbane hakuficha uchungu wake, lakini sababu aliijua. Alirudishwa Adelaide, kiwanja alichowahi kufanya kazi ya kutunza nyasi, akaipita hesabu ya Glenn McGrath ya wiketi 563.

Tunaona basi kwamba kumwacha mtu si dhuluma peke yake. Dhuluma ni kumwacha bila ya kumwambia kwa nini, au kumpima kwa kipimo ambacho jirani yake hapimwi. Hali ya mchezaji ya leo ni shahidi, rekodi yake ni shahidi, na mahitaji ya kiwanja ni shahidi. Mteuzi ni kadhi, na kadhi asikilizaye shahidi mmoja tu hajahukumu.

Pwani yetu nayo ina ushahidi wa kutoa katika kesi hii. Machi 2003 mjini Durban, katika Kombe la Dunia, Kenya ilikutana na Australia hii hii, iliyolitwaa kombe lile bila ya kufungwa. Aasif Karim, mzaliwa wa Mombasa, alikuwa na miaka 39 na alikwisha kustaafu. Wateuzi wa Kenya walimwita tena. Siku ile aliwatoa Ponting, Lehmann na Hogg, na katika ova zake nane na kitu alitoa mikimbio 7 tu. Kenya haikushinda, lakini bingwa wa dunia aliingiwa na wasiwasi mbele ya mzee wa Kimvita. Jungu kuu halikosi ukoko.

Kwa wale wenye dhamana ya uteuzi, katika michezo na katika utumishi, tunasema hivi. Kipimo kitangazwe kabla ya watu kupimwa. Anayeachwa aambiwe sababu ana kwa ana, asiisome gazetini. Kijana akipandishwa apewe muda unaotosha kushindwa na kujifunza, na mkongwe asibakishwe kwa ajili ya jina wala asitupwe kwa ajili ya umri. Mlango wa kurudi uwe wazi kwa kila atakayejirekebisha. Na ikiwa mmoja wetu atasema kwamba mizani imempunja kwa sababu ya rangi yake, asili yake au mtaa anaotoka, tusimhoji kwanza adabu yake. Tuikague mizani.